Barua kwa mwanangu: sura yake umeiona?

Mwanangu,

Nimesubiri ulale ndio naandika hii, maana tukikaa kuongea unanijibu haraka haraka halafu unacheka, na mimi nacheka, mambo yanaishia hapo. Ntakutumia ukishapanda treni. Uisome taratibu huko Gulwe au Kilosa ukiwa huna pa kukimbilia, na usinipigie kubishana, andika.

Swali langu ni lile lile. Huyo kijana unayeenda kukaa naye Tabata, Dar, sura yake umeiona?

Sizungumzii ile picha ya profaili. Ile uliyonionyesha ni mgongo wa mtu kavaa jezi ya Yanga, basi, mgongo hata ningekuwa nao mimi. Nikakuuliza umewahi kumpigia video ukasema mtandao unasumbua. Mtandao huo huo unaowafanya mcheze gemu la mpira mpaka saa 9 usiku watu kumi na moja kila mtu yuko mji wake, leo ndio unasumbua kuonyeshana uso?

Najua utasema mama tumeongea miaka miwili. Najua mmeongea, ukuta wenyewe ni wa tofali moja, nimewasikia wote. Kipa wenu nikimsikia anavyokohoa nakutajia hata nikiwa usingizini. Beki wa kushoto nyuma yake kuna mtoto analia kila ikifika saa 5 na sijawahi kusikia mtu anambembeleza, siku moja nilitaka nije nishike hiyo maiki nimwambie baba mtoto ana njaa. Na huyu wako wa Tabata ndio yule wa "tulia mzee, tulia". Sauti yake nzuri, sikatai. Siku ile aliponisikia nakuita akasema "mbukwenyi mama" na Kigogo chake cha kuungaunga, nilifurahi mpaka nikamwambia mpangaji wa chumba cha mbele. Lakini sauti ni sauti. Mkate unaugonga chini unausikiliza, ukilia kama debe tupu unasema umeiva. Mtu hagongwi.

Halafu kuna kitu kimenikaa rohoni toka juzi. Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba hilo gemu, lile mlilokuwa mnaliita FIFA kabla hawajalibadilisha jina 2023, ukicheza hiyo ya klabu kila mtu anakuwa mchezaji mmoja tu uwanjani, sio kama kule kwenye kibanda cha gemu ambako mtu na pedi yake anaendesha timu nzima. Kwa hiyo ukipata mtu mbovu mmoja timu yote inaumia. Mwanzo ulikuwa unaokota watu hovyo, mkifungwa goli mbili wanatoka mechi wanawaacha uwanjani, ukawa unagonga kitanda kwa hasira. Ndio ukaanza kuchuja. Mtu awe na maiki, awepo saa 4 usiku, asiwe wa kutukana, na kabla hajaingia kwenye grupu mnamjaribu kwanza. Yule beki wa kulia mlimfanyia majaribio wiki mbili nzima, na mkamkataa kwa sababu harudi kukaba!

Wiki mbili, baba, kwa ajili ya beki wa kulia wa kwenye tivii. Huyu wa kulala naye chumba kimoja, mlango mmoja, umemfanyia majaribio gani?

Kwenye kazi yenyewe ya bekari sikukatazi, na nisingependa uondoke ukidhani nimekukataza. Baba zako wadogo waliposema mtoto wa kiume kukanda unga ni aibu mimi nilinyamaza, na najua uliniangalia. Sasa hivi hao hao kila harusi ni "mwambie kijana atufanyie bei". Mambo ya keki ya kipaimara sirudii unayajua, ila usichojua ni kwamba yule mama wa ile keki alikuja tena baada ya wiki, akakaa hapo kwenye stuli, akasema alikuwa anadhani tumeagiza hotelini. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umelala mpaka saa 5 asubuhi na nilikuwa nimekasirika, unga wa maandazi niliukanda peke yangu siku hiyo na mikono ilikuwa inauma.

Ndio hapo usingizi unapoingia. Bekari umesema unaanza saa 9 usiku. Huo ndio muda ambao hapa nyumbani wewe unazima tivii, sasa utalala lini? Trei ya moto haijui kwamba jana mlikuwa na mechi ya ligi. Vaa mikono mirefu, na tambara la kushikia liwe kavu siku zote, likiwa na maji moto unapita hapo hapo kama hukushika kitu.

Dar sio Dodoma. Hapa mwezi huu wa saba na huu upepo, donge naliweka pembeni ya jiko na bado linachukua saa mbili kuumuka, na nisipolifunika na kitambaa kibichi linafanya ganda juu. Kule joto, na maji ya bomba yenyewe yanatoka vuguvugu, utakuta donge limejaa kabla hujapaka trei mafuta. Punguza hamira, kandia maji ya baridi, na usiache likaumuka kupita kiasi, mkate utatoka na harufu ya pombe na utabonyea. Kuhusu keki unajua zaidi yangu, wewe ndio uliyenifundisha kwamba hapa tupo juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka baharini, ndio maana zile resipi za kwenye simu zilikuwa zinapanda haraka halafu zinadidimia katikati, ukapunguza beking pauda zikakaa sawa. Kule upo usawa wa bahari, rudi kwenye kipimo chao cha mwanzo, usipeleke kipimo cha Dodoma halafu ukalaumu unga. Na krimu ya siagi usimpe mteja aondoke nayo saa 8 mchana kwenye bodaboda, itafika supu.

Kingine, mpangaji wa chumba cha mbele, si unajua yeye ni mtumishi, nilimwomba akanisomea kwenye simu ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Anasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki zisizidi, na ukifanya kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, kila saa ya usiku inaongezwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Wewe utakuwa unaingia saa 9, hizo ni saa tatu kila siku. Je, wamekwambia? Mmeandikiana? Uliniambia "tumekubaliana". Mmekubaliana na nani, na tajiri au na huyo huyo wa Yanga ambaye kaka yake ndio msimamizi pale? Kazi ametafuta yeye, chumba chake, kodi unampa yeye, kwa hiyo mkigombana siku moja umekosa vyote kwa mpigo, kazi na pa kulala na hata watu wa kucheza nao. Hilo ndio linaninyima usingizi kuliko yote.

Kwa hiyo fanya hivi. Barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa nimeichukua jana, ipo ndani ya bahasha ya kaki chini ya vyeti vyako vya VETA, usiitoe ikakunjika. Ukifika tu, siku hiyo hiyo, muulize mjumbe wa pale ni nani ukajitambulishe. Mwambie huyo mwenzio akuonyeshe kitambulisho chake cha NIDA, na wewe umuonyeshe chako, asione vibaya, mwambie mama yangu ndio anataka. Mwambie hivyo hivyo, nisingizie mimi. Usimpe kodi ya miezi sita mkononi, mpe ya mwezi mmoja, zikibaki weka kwenye simu na namba ya siri usimtajie hata akiwa kipa, hata akiwa kocha.

Baba yako amepiga toka Tunduma, foleni ya malori imewakamata mpakani, anasema mtoto wa kiume mwache aende. Yeye aliondoka kwao Mpwapwa ana miaka 17. Nikamwambia sawa, ila wewe ulifikia kwa shangazi yako, na shangazi ana sura.

Ngoja nikwambie na hili maana ntaliandika leo au sitaliandika tena. Mjomba wako usiendelee kumnunia. Sikukuu unampita mlangoni bila shikamoo na yeye anajikalia tu kimya, anakusitiri wewe na ananisitiri na mimi. Hakukopa ile laki nne ya oveni, hajawahi hata kuishika. Mimi niliiweka kwenye mchezo wa kupeana hela. Nilihesabu kwamba zamu yangu ikifika itarudi na nyingine juu yake, utanunua oveni ya gesi ya trei mbili, sio ile moja. Kijumbe, mshika hela wetu, tulikuwa tunamjua miaka kumi na moja, tunasali benchi moja, watoto wake wamekula maandazi yangu. Akahama usiku na vitanda vyote. Ulipouliza hela iko wapi, jina lililonijia mdomoni ni la mjomba wako kwa sababu alikuwa mbali. Basi, ndio hivyo. Ukaendelea kuokea kwenye sufuria la mchanga, moto juu moto chini, mwaka mzima na zaidi, na keki zikatoka vizuri tu, ila najua jinsi macho yalivyokuwa yanakuwasha na moshi.

Nimeanza kuirudisha. Kuna laki moja na elfu ishirini kwenye bahasha ile ile ya kaki. Sio ya kodi.

Utaniambia huyo kijumbe wangu nilikuwa namjua sura na bado. Najua. Nimelifikiria hilo usiku huu wote na jibu sina, ila bado nataka umuone, angalau mimi nikienda polisi nilikuwa na mtu wa kumwelezea, mrefu, mweupe kidogo, ana kovu hapa kwenye nyusi. Wewe ukienda polisi utasema nini, mgongo wa Yanga?

Na kama mambo yakienda vibaya rudi, treni ni saa tatu na kitu tu, sio kama enzi zetu za kulala Morogoro. Usikae kwa aibu. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 bado ipo, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, wewe mwenyewe ulisema ni kama fomesheni, 4-4-2. Wanataka kikundi. Mwaka jana ulisema hapa mtaani hakuna watu wa kuunda nao kikundi, na mimi nikawaza, mtoto huyu amekusanya watu kumi na moja toka Mbeya, toka Mwanza, toka wapi huko, wote wanawahi saa 4 kamili, halafu vijana wanne wa hapa kwetu Chang'ombe wa kuoka nao skonzi amewakosa. Sikusema kwa ubaya. Nilitamani tu hao wa usiku ungewapata na mchana.

PlayStation yako umeifunga vizuri, nimeona, blanketi mbili na kamba, vyeti umevitupia pembeni ya begi, nimevihamisha. Blanketi la bluu ni la mdogo wako, akiamka atalitafuta, nimekuachia kwa sababu sijui huko kama kuna shuka.

Mdogo wako anataka apewe kitanda chako. Nimemwambia asubiri mwezi.

Kwenye mfuko wa rambo mweusi kuna zabibu kilo mbili, zimetoka Hombolo, na karanga za kukaanga. Zabibu za juu ndio mbivu zaidi anza nazo. Moja ya hizo kilo ni ya huyo mwenzio, mpe mwambie zimetoka kwa mama, usile zote kwenye treni. Simtanki limeanza kuvuja tena pale chini ulipoziba na gundi, fundi anataka elfu 25, ntaangalia mwisho wa mwezi. Kuku wawili hawajarudi jana. Mizani ya kupimia unga umeondoka nayo au ipo? Kama umeondoka nayo sawa ibaki kwako, mimi nitatumia kikombe kama zamani, ila nijue nisiitafute.

Ukishuka stesheni ya Magufuli hapo Dar usitoke nje kwanza. Simama pale ndani kwenye watu, mpigie aje. Akija, mpigeni picha wote wawili mmesimama, uso wake uonekane, asivae kofia, unitumie hapo hapo kabla hamjapanda gari. Ntakuwa nimeshika simu. Leo hata kukanda ntakanda kwa mkono mmoja.

Na ufunguo wa kabati la vyombo uliuweka wapi?

Mama