Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji: kimo cha majengo kipimwe kwa barabara, si kwa mvutano

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Yah: Ukomo wa kimo cha majengo mapya ya makazi katikati ya jiji

Ninakuandikia kabla kamati yako haijapitisha kanuni mpya, kwa kuwa mjadala wake umekuwa mvutano wa namba: upande mmoja unataka ghorofa zisizidi 6, upande wa pili unadai 30, na hakuna anayeeleza namba yake imetoka wapi. Ombi langu ni kwamba kimo cha kila jengo kifungwe na upana wa barabara inayopita mbele yake na uwezo wa huduma zinazolihudumia, na kwamba ukomo huo ukishatangazwa usilegezwe kwa mazungumzo ya kiwanja kimoja kimoja.

Kanuni ya namna hiyo si ngeni. Sheria ya mwaka 1910 inayolihusu jiji la Washington hupima kimo kwa upana wa barabara pamoja na futi 20, na katika barabara nyingi za biashara jengo haliruhusiwi kupita futi 130. New York nayo, baada ya jengo la Equitable kukamilika mwaka 1915 likiwa limepanda wima na kuwafunika majirani kwa kivuli, iliweka mwaka 1916 kanuni za kulazimisha ghorofa za juu zirudi nyuma kadiri jengo linavyopanda. Wapo wanaoilaumu Washington kuwa imebana nafasi ya makazi, na lawama hiyo ina uzito. Ndiyo maana siombi ukomo mmoja kwa jiji zima. Barabara pana inaweza kubeba jengo refu na jembamba lililorudi nyuma, ilhali uchochoro hauwezi.

Wawekezaji husema kwamba bila minara hatutapata nyumba za kutosha. Paris, ambako majengo mengi ya makazi hayazidi ghorofa 7 hivi, ina takriban wakazi 20,000 kwa kila kilomita ya mraba, na mwaka 2023 ilirudisha ukomo wa mita 37 kwa majengo mapya. Msongamano wa watu hutegemea pia jinsi kiwanja kilivyotumika: majengo ya kimo cha kati yaliyopangwa kuzunguka ua yanaweza kutoa eneo la sakafu linalokaribiana na la mnara uliozungukwa na maegesho. Hata hivyo, wenzangu wanaopinga kila ghorofa inayoongezwa wakumbuke kwamba familia inayokosa nyumba katikati ya jiji haitoweki. Inahamia pembezoni na kurudi kila asubuhi katika foleni ya magari.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni yale yasiyoonekana katika michoro ya kuombea vibali (michoro ambayo, kwa bahati ya ajabu, jua lake huwa la saa sita mchana siku zote). Presha ya maji hupungua kwa takriban baa 1 (baa ni kipimo cha presha) kila yanapopandishwa mita 10, kwa hiyo jengo refu huishi kwa pampu, na pampu huishi kwa umeme. Umeme ukikatika, lifti husimama, na mzee wa ghorofa ya 20 hana njia ya kushuka isipokuwa ngazi. Ngazi nyingi za magari ya zimamoto hufika mita 30 hivi; juu ya hapo, usalama wa wakazi unategemea kuta na milango inayozuia moto, ngazi za dharura na mifumo iliyomo ndani ya jengo lenyewe. Grenfell Tower ya London, yenye ghorofa 24, ilikuwa na ngazi moja tu, na moto wa mwaka 2017 uliopanda kupitia vifuniko vya kuta zake za nje uliua watu 72. Gharama za kutunza lifti, pampu na jenereta haziishi siku ya uzinduzi. Hulipwa kila mwezi na wakazi, wakati aliyejenga huenda ameshauza na kuondoka. Kwa sababu hiyo siamini ahadi kwamba urefu peke yake utashusha kodi ya pango.

Kwa hiyo naomba kanuni hizo zimtake kila mwombaji wa kibali aonyeshe kivuli cha jengo lake asubuhi na jioni, katika msimu jua linapokuwa chini zaidi, na si adhuhuri pekee. Pia aambatanishe uthibitisho wa maandishi wa zimamoto na wa mamlaka za maji na majitaka kwamba wanaweza kulihudumia jengo hilo katika kimo kinachoombwa, pamoja na makadirio ya gharama za matunzo atakazobebeshwa kila mkazi. Na endapo kamati itaona sababu ya kumruhusu mtu avuke ukomo, sababu hiyo iandikwe na kubandikwa hadharani kabla kibali hakijatiwa saini, ili majirani wapate muda wa kuipinga.

Wako katika ujenzi wa jiji,
Mkazi wa katikati ya jiji