Benki zituite kabla ya mnada

Mhariri,

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, vichanja vyangu vya dagaa hapa Ujiji vilikaa vitupu, na marejesho ya mkopo niliouwekea nyumba rehani yakakwama. Notisi ya benki ikabandikwa mlangoni. Mwanangu mdogo ndiye aliyenisomea.

Sheria ya Ardhi inampa mkopaji siku 60 tangu apokee notisi kabla benki haijaweza kuiuza nyumba. Niliomba muda wa mkopo urefushwe ili rejesho la mwezi lipungue. Benki ilikubali, lakini siku ya 52! Kwa nini maofisa mikopo wasituite mara tu tarehe ya kufunga ziwa inapotangazwa? Nanyi wenzangu wa mwaloni, msizikimbie simu za benki. Nendeni na daftari la mauzo.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Ujiji, Kigoma