Choo chetu cha ploti

Mukuru kwa Reuben, Nairobi

Mpendwa Mama Brayo,

Umeniuliza kama ni kweli choo chetu cha ploti sasa kimeunganishwa na sewa, yale mabomba ya majitaka. Ni kweli. Kile kile cha mabati, kilichokuwa kikijaa kila mara hadi wale vijana wa madramu waje usiku, wazoe, wakamwage mto Ngong. Juzi nilimwaga ndoo ya maji nikasimama pale kama mshamba, nasikiliza yakienda.

Ulipofunga vyombo kwenda Kitale, tangazo lilikuwa halijatoka. Agosti 2017 kaunti ikatangaza Mukuru yote, Reuben, kwa Njenga na Viwandani, kuwa eneo maalum la mipango, yaani mtaa wa mabanda unaotengewa mpango wake wa kuboreshwa. Mimi nilianza kutafuta magunia ya kufungia vitu. Unajua hapa serikali ikitangaza jambo, tingatinga huwa haliko mbali. Kumbe Muungano wa Wanavijiji, kile chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, ndio walikuwa wamelisukuma. Walipita mlango kwa mlango wakihesabu nyumba na kuandika bei ya maji na stima, ikaonekana sisi wa mabati tunanunua maji ghali kuliko wenye mifereji ndani ya nyumba. Hesabu hizo ndizo zilizowaketisha maofisa meza moja nasi, na watu wa vyuo vikuu pia.

Lakini kazi yenyewe ya kupanga ilikuwa huku vichochoroni. Kaya zaidi ya laki moja utazikutanisha wapi? Tuligawanywa nyumba kumi kumi, kila kumi na msemaji wao. Kumi letu lilikutana pale kwa muuza mandazi, na siku ya kwanza tulitukanana tu tukaenda kulala.

Bomba lenyewe la sewa ni jembamba, halihitaji mtaro wa kina, linapenya mahali pafinyu. Ila kichochoro chetu unakijua, mtu anapita ubavu. Fundi akapima, akaonyesha duka la mkaa: ukuta urudi nyuma hatua moja. Mwenye duka akasema labda walipitishe juu ya maiti yake. Wiki tatu hivyo, viongozi wanakuja na kurudi. Aliyemlainisha ni yule nyanya wa chumba cha mwisho, wa miguu mibovu. Alimwambia mbele yetu sote, "Mwanangu, mimi usiku najisaidia ndani ya karatasi ya plastiki. Wewe unalinda mkaa." Kesho yake asubuhi tulisikia nyundo; anang'oa mabati mwenyewe, hasemi na mtu.

Usidhani tumefika mbinguni. Mwenye ploti, kuona choo kinapendeza, ameongeza kodi mia tano, na katika mikutano yote ile hakukanyaga hata mmoja. Hilo linaniuma kuliko harufu ya zamani. Maji nayo hupotea siku mbili, tatu, na sewa bila maji ni bure. Hapo mtungi wa shilingi tano unafika ishirini, kwa wauzaji wale wale. Sasa kumi letu limerudi kwa muuza mandazi kuzozana juu ya tangi: liwekwe wapi, nani ashike pesa. Wamenitaja mimi. Nimekataa mara moja, wakinitaja tena sijui.

Ukija Desemba, ufunguo wa choo uko kwangu, mlango wa tatu. Lakini pitia kwanza mferejini uje na ndoo yako.

Ni mimi jirani yako,
Mama Shiro