Simetriki peke yake haitoshi

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana mitihani ya vyuo ndo hiyo inakuja na kuna notsi zinazunguka kwenye magrupu ya wanafunzi zinasema matriksi (jedwali la namba) simetriki, yani inayobaki ileile ukigeuza safu ziwe safuwima, daima inadayagonalaizika (ukibadilisha mfumo wa kuiandikia inabaki na namba kwenye ulalo tu, kwingine sifuri) na aigenivalyu zake (namba ambazo matriksi inazidisha nazo vekta fulani bila kugeuza mwelekeo wake) zote ni namba halisi, basi, hawasemi namba zilizomo ndani ni za aina gani. Kwa namba halisi sina ubishi, kwamba aigenivalyu zake ni halisi mwanahisabati Cauchy alishathibitisha tangu 1829. Ila ukiingiza namba changamano, zile zenye i, hiyo kanuni haipo tena, na wanafunzi wanaikariri hivyohivyo.

Wachukue karatasi waandike mbili kwa mbili, safu ya juu 1 na i, safu ya chini i na -1. Ni simetriki kabisa, geuza safu ziwe safuwima inabaki ileile. Sasa izidishe kwa yenyewe, na kwa kuwa i mara i ni -1 kila kitu kinakatana unabaki na sifuri tupu. Maana yake aigenivalyu zake zote ni 0, na ingekuwa inadayagonalaizika basi ingebidi yenyewe iwe sifuri toka mwanzo, wakati sio! Angalia na vekta (orodha ya namba) yake ya aigenivalyu hiyo, 1 na i, ukijumlisha vipeo vya pili unapata 1 toa 1, yani vekta sio sifuri ila iko pembemraba na yenyewe, jambo lisilotokea kwa namba halisi, na hapo ndo uthibitisho wa namba halisi unapokatikia.

Hata ikidayagonalaizika bado: sifuri kwenye ulalo na i pembeni zote mbili, aigenivalyu ni i na -i, uhalisi uko wapi?

Kwa namba changamano zenye uhakika wa ile sifa ya kwenye notsi ni matriksi za Hermite, mwanahisabati aliyeonyesha 1855 kwamba aigenivalyu zake ni halisi, ambazo ukishageuza safu unabadilisha pia alama ya i ndo ibaki ileile. Tena matriksi yoyote ya mraba ya namba changamano inaweza kubadilishiwa besi (huo mfumo wa kuiandikia) ikawa simetriki, kwahiyo usimetriki wenyewe haukuhakikishii chochote hapo.

Na wanaosoma umeme watakutana nazo sana, matriksi za admitansi (kipimo cha urahisi wa umeme kupita) za gridi mara nyingi ni simetriki na changamano. Nawaomba walimu wenzangu wanaosambaza hizo notsi waongeze "ya namba halisi" kwenye ile sentensi kabla ya mitihani, na huo mfano wa 1 na i wauweke chini yake.

Mwalimu wa hesabu, Dar es Salaam