Miaka 74 ya jela Ngomeni isipitwe kwa sentensi moja

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu Ngome ya Lamu. Kila nikiketi Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, nikawasikiliza vijana wetu wanaotembeza wageni, hadithi ni ileile: vita vya Shela, watu wa Lamu kumwomba Seyyid Said wa Omani ulinzi, ujenzi ulioanza 1813 ukamalizika 1821. Wanaeleza vizuri, sina ugomvi nao. Kisha huongeza kwamba "baadaye ikawa jela", na wageni wakapandishwa juu kupiga picha za mji.

Hiyo "baadaye" ilianza 1910 chini ya Mwingereza, ikavuka uhuru, ikafika 1984. Ni miaka 74, zaidi ya thuluthi moja ya umri wa jengo lenyewe. Ngome iliyojengwa kuwakinga watu wa Lamu na maadui wa nje ikageuzwa mahali pa kuwafungia, na tuliobaki tukazoea.

Mimi ni mzaliwa wa Langoni, na marehemu mamangu akiuza mahamri na mbaazi asubuhi karibu na Ngome. Wafungwa walikuwa wakitoka na askari kwenda kufagia na kubeba mizigo ya serikali, nasi watoto tukikatazwa kuwakodolea macho. "Hao ni wana wa watu," mama akituambia. Askari wengi walitoka bara. Walifika hawamjui mtu, wengine wakaoa hapa, na wajukuu wao leo ni Waamu kamili. Siku ya Idi sahani za pilau zilipelekwa mlangoni. Na wakati wa Maulidi, zefe, yaani maandamano ya sherehe hiyo, ikipita pale, wapigaji walizidisha matari, kwa sababu kila mtu alijua ndani mna wanaosikiliza. Mambo haya sijayaona yameandikwa popote ukutani, na kwangu ndiyo historia ya mji sawasawa na mizinga na masultani.

Jambo hili halihusu Lamu peke yake. Mkoloni alivipenda visiwa vyetu kwa umbali wao. Miaka ya hali ya hatari aliweka kambi ya wazuiliwa wa Mau Mau hapo ng'ambo, Manda. Mwanafunzi wa Nyeri anayekuja kutembea Lamu huenda babu yake aliletwa huku kwa pingu, naye anaondoka bila kuambiwa.

Ombi langu ni chumba kimoja. Mji wetu ulitambuliwa na UNESCO 2001, na ndani ya Ngome tayari mna maktaba na maonyesho, kwa hiyo pa kuanzia papo. Waliokuwa askari, waliofungwa, na kina mama waliopeleka chakula warekodiwe sauti zao sasa. Aliyekuwa na miaka 25 jela ilipofungwa ana sitini na kitu leo, na waliomtangulia tunawazika kila mwaka. Majina ya waliofungwa yasitajwe bila idhini ya familia, maana aibu hiyo bado inauma nyumba nyingi. Na ukuta wowote wa vyumba vile usipakwe chokaa mpya kabla ya kupigwa picha.

Nawajua wazee kadhaa walio tayari kuzungumza. Mmoja alikuwa mshika funguo, na kumbukumbu yake ni nzima. Atakayefika na kinasa sauti nitampeleka mwenyewe, ila aende baada ya alasiri, mzee akishapumzika.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu