Kabla hujakopa, mwaga nguo zote kitandani

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mlangoni, mkoba bado begani. Mara ya pili nimeketi, nikacheka kidogo, usininunie. Nimecheka pale ulipoandika kwamba huna hata nguo moja ya kuvaa, halafu mistari mitatu chini ukalalamika kwamba kabati limejaa hata halifungiki.

Unaanza kazi mpya mwezi ujao na unataka kukopa ununue kila kitu kwa mkupuo: magauni, viatu, mkoba, na ile seti ya vipodozi ya chupa saba uliyoonyeshwa. Mimi nakwambia usikope. Si ubahili, wanijua napenda kupendeza kuliko hata wewe. Ila nimewahi kulipa deni la nguo zilizochakaa kabla deni lenyewe halijaisha. Inauma kukatwa mshahara kwa ajili ya gauni ambalo siku hizo unalipangusia vumbi.

Jumamosi, ukishamaliza shughuli zako, mwaga nguo zote kitandani. Zote, pamoja na zile za chini ya sanduku na zile unazozingoja mpaka upungue. Shika moja moja ujiulize: hii mbona siivai? Mwaka jana nilifanya hivyo nikahesabu nguo 43. Nilizokuwa nikizivaa kwa zamu zilikuwa 11 tu. Hizo nyingine nilidhani nimezichoka, kumbe kila moja ilikuwa na kisa chake. Blauzi imepoteza kifungo, tena kile cha kifuani. Suruali zipu inakwama. Sketi pindo limefumuka upande mmoja. Nikatenga 14 ambazo kasoro yake ilikuwa kazi ya sindano ya robo saa. Miaka miwili nalia sina blauzi ya heshima, na blauzi ipo, inadai kifungo!

Najua utasema hujui kushona. Kifungo utakijua leo. Kata uzi urefu wa mkono, ukunje uwe mara mbili, upitishe kwenye mshumaa usisokoteke. Weka kifungo mahali pake, na juu yake laza kijiti cha kiberiti, kisha shona ukipita juu ya kijiti, mara tano au sita. Chomoa kijiti. Utaona kifungo kimelegea, ndivyo kinavyotakiwa. Kivute juu, na ile nafasi iliyobaki kati ya kifungo na kitambaa izungushie uzi mara nne, uwe kama kishina kidogo, kisha funga fundo kwa ndani. Kishina hicho ndicho kinachoipa nafasi ile sehemu yenye tundu ikae bila kujikunja. Vifungo vya kiwandani mara nyingi hushonwa kwa mshono wa mnyororo: ncha moja ikivutwa, wote unafumuka. Kwa hiyo ukinunua shati jipya vikazie vifungo kabla hujalivaa, hasa vile vya katikati.

Zile zinazokupwaya au kukubana, peleka kwa fundi cherehani. Fedha uliyotaka kununulia gauni moja jipya itakutengenezea kadhaa ulizo nazo, na nguo iliyokukaa hata ikiwa ya zamani humfanya mtu aulize umenunua wapi. Ila ujue la kumpa fundi na la kumwachia mwenye duka. Kupandisha pindo, kubana kiuno, kufupisha mikono, hiyo ni kazi ndogo. Mabega ni habari nyingine. Ukijaribu koti au shati, gusa mshono wa bega: uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukishuka hadi kwenye mkono, iache hiyo nguo hata kama ni ya bure, kwa kuwa kurekebisha mabega ni kuifumua nguo yote.

Kwenye mitumba ndiko utakapopata vitambaa vizuri kwa fedha kidogo, lakini kagua kama unayenunua ng'ombe. Iinue nguo kwenye mwanga uone kama imeliwa na wadudu. Tazama kwapani na mahali mapaja yanapokutana, ndipo nguo inapochakaa kwanza. Pandisha na ushushe zipu mara tatu. Vuta mshono kidogo pande mbili. Ukiona uzi unachungulia, iache. Halafu inuse, maana jasho la zamani kwenye poliesta ni gumu kutoka hata ukiifua mara kumi. Poliesta inapenda mafuta ya mwili na inayang'ang'ania. Pamba na kitani havina kero hiyo kwa kiasi hicho.

Sasa nikupe aibu yangu, maana hukuwepo. Siku ya usaili wangu nilivaa koti jipya, la kwanza maishani. Nimepigwa pasi, nimenyooka, najiona waziri. Kwenye foleni mama mmoja wa makamo akanisogelea akaninong'oneza: "Mwanangu, huo uzi wa nyuma hukatwa." Nikapapasa. Kwenye mpasuo wa nyuma wa koti kulikuwa na uzi mweupe umeshonwa kwa alama ya X, na kwenye mkono, karibu na kiganja, kitambaa chenye jina la mtengenezaji bado kimeng'ang'ania kama kibandiko cha bei. Nilikuwa nadhani ndiyo urembo wenyewe! Ule uzi huwekwa ili mpasuo usikunjamane njiani, na ile lebo ni ya kumsaidia muuzaji. Vyote hutolewa kabla ya kuvaa. Mama yule alikuwa na mkasi mdogo wa kucha mkobani. Alinikatia pale pale nikiwa nimemgeuzia mgongo, watu wanatazama. Kazi nilipata, lakini mpaka leo nikiona koti lenye X mgongoni mwa mtu natafuta mkasi.

Ukibaki na unazozivaa kweli, zipange kwa rangi. Chagua mbili za kutulia, tuseme bluu iliyokolea na kahawia, na moja ya kuchangamsha. Blauzi nne zinazokubaliana na sketi au suruali tatu ni mavazi 12, na hakuna ofisini atakayekaa kuhesabu. Kitu kipya ukitaka kukinunua, gawanya bei yake kwa siku utakazokivaa. Viatu vya kila siku ukivigawanya hivyo utaona vinastahili fedha zaidi kuliko gauni la harusi moja. Na viatu, tafadhali, usivivae vile vile siku mbili mfululizo. Viache vikauke jasho. Kisigino kikianza kulika upande mmoja mpelekee fundi viatu mapema, kabla hajaanza kukudai soli nzima.

Kufua nako kuna ujuzi wake. Nguo za rangi zigeuze ndani nje, zifue kwa maji baridi, uzianike kivulini. Kinachozichujisha zaidi ni jua na kusuguana kwenye maji. Madoa ya njano kwapani kwenye nguo nyeupe mara nyingi huletwa na chumvi za alumini zilizomo kwenye dawa ya kuzuia jasho, zikichanganyika na jasho lenyewe. Wengi tunakimbilia klorini, na klorini huzidisha unjano. Loweka kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, uiache saa kadhaa, na usipige pasi mpaka doa litoke, kwa sababu moto hulikaza.

Na kwa kuwa tumefika kwapani, nikwambie lililoniokoa fedha nyingi. Jasho lenyewe likitoka halina harufu kubwa. Harufu huja bakteria wa kwenye ngozi wanapolila. Kumwaga manukato juu yake ni kuchanganya harufu mbili. Oga, jikaushe kabisa, na kama unatumia dawa ya kuzuia jasho, ipake usiku kabla ya kulala. Usiku tezi za jasho zimetulia, dawa inapata nafasi ya kuziba. Mimi nilikuwa naipaka asubuhi nikitoka bafuni mbichi mbichi, halafu nalaumu kopo.

Ile seti ya chupa saba iache. Ngozi ya uso inataka vitu vitatu: sabuni isiyokwangua, mafuta, na kinga ya jua. Mafuta yapake ngozi ikiwa na unyevunyevu, dakika chache baada ya kuoga, yafungie maji yasipotee. Kwa kazi hiyo mafuta ya mgando bado hayajapata mshindani wa bei. Mkemia Robert Chesebrough aliyapatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1872 na mpaka leo yanauzwa. Kama uso wako una mafuta mengi na chunusi, usoni tafuta kitu chepesi, ya mgando yawe ya visigino, viwiko na midomo. Kinga ya jua usiiruke kwa kisingizio cha weusi wetu. Weusi unatukinga kiasi, ila jua ndilo linalokoleza yale mabaka yanayobaki baada ya chunusi. Na usidanganywe na namba ya SPF, kile kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye chupa: SPF 30 huzuia kama asilimia 97 ya miale inayounguza, SPF 50 asilimia 98. Asilimia moja hiyo usiilipie bei mara mbili. Jambo la maana ni kupaka ya kutosha, mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo.

Kipodozi cha bei ya kutupwa kigeuze nyuma. Utaona kijipicha cha kopo lililo wazi na namba kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kukitumia baada ya kukifungua. Na limau usijipake, nakusihi. Limau na jua vikikutana kwenye ngozi vinaweza kukuunguza ukabaki na baka jeusi la miezi.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Uliniuliza kuhusu ile krimu isiyo na maandishi ambayo mwenzako "imemtakatisha" kwa wiki mbili. Huo ni mkorogo. Krimu za namna hiyo nyingine zina zebaki, na zebaki huharibu figo. Chini ya Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki uliopitishwa mwaka 2013, nchi wanachama zilipewa mpaka 2020 kuacha kutengeneza na kusafirishiana vipodozi vya kutakatisha vyenye zebaki, na bado vinapita kwa mlango wa nyuma. Ukiona kwenye kopo neno "calomel" au "mercurio", ndiyo hiyo hiyo. Kopo lisilo na orodha yoyote ya vilivyomo ndilo baya zaidi. Rangi yako ni nzuri, shoga yangu. Nimekuonea wivu tangu tukiwa shule.

Nywele zako nazo zipumzishe. Ukisuka mpaka nyusi zinapanda juu, zile za mbele ya paji la uso zitaanza kung'oka, na ukiendelea miaka zinaweza zisirudi. Anayekuuzia mafuta ya kuzikuza kwa wiki moja mwache aende zake; nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, akitaka asitake.

Kuna kitu kimoja ninachofanya ambacho hakigharimu chochote na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Jumapili jioni nachukua beseni, maji ya vuguvugu, nazima simu, natumbukiza miguu dakika kumi na tano. Nasugua visigino kwa jiwe taratibu, nakausha hadi katikati ya vidole, napaka mafuta ya mgando na kuvaa soksi. Kucha nazikata zikiwa bado laini. Kisha nalala mapema. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na mimi zikipungua uso wangu husema kabla sijafungua mdomo. Mara ya kwanza nilijiona mvivu. Sasa mtu akinipigia saa hiyo anaambiwa niko kwenye kikao.

Pamoja na barua hii nimekutumia pakiti ya sindano, uzi mweusi na mweupe, na vifungo 12 vya shati. Ukimaliza Jumamosi niandikie umepata nguo ngapi, na zipi za kupeleka kwa fundi, nikusaidie kuchagua mavazi ya wiki ya kwanza. Kama baada ya hapo kuna kitu kimoja kinachokosekana kweli, tutakitafuta pamoja, na nitachangia.

Na ile sketi yangu ya bluu uliyoiazima kwa siku mbili, huu mwaka wa tatu, nadhani utaikuta kwenye hilo rundo. Walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Basi kuanzia leo ni yako. Lakini ilikuwa na ndoano inayolegea kiunoni. Anza na hiyo.

Wako wa siku zote,
mwenye koti la X