Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Slovakia: kiti alichokikalia László Szigeti

Mheshimiwa Waziri,

YAH: SAUTI YA SHULE ZA KIHUNGARIA KATIKA WIZARA YAKO

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayonijia kwanza ninapokuwa na neno zito moyoni, na neno langu la leo linahusu watoto wanaotaka kusoma kwa lugha inayowajia kwanza. Tafsiri ya Kislovakia nitaileta ofisini kwako. Hii naiweka hadharani ili isomwe pia na wenzangu wa Kiswahili, ambao wengi wao hawajapata kulisikia jina la László Szigeti, Mhungaria aliyekuwa naibu waziri, kisha Waziri wa Elimu wa Slovakia. Nitaanza kwa kumweleza mtu huyu, kisha nifikie ombi langu.

Kusini mwa nchi yako, kando ya mto Danube, wanaishi Wahungaria ambao hawakuhamia huko. Mpaka ndio uliowahamia. Mkataba wa Trianon wa tarehe 4 Juni 1920 uliikata Hungaria ya zamani vipande, na watu waliolala wakiwa raia wa nchi moja wakaamka wapo Czechoslovakia. Mji wa Komárom ukagawanywa na mto: ng'ambo ya kusini ikabaki Hungaria, ya kaskazini ikawa Komárno. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wahungaria wa upande huu walinyang'anywa uraia, na kwa miaka kadhaa shule zao zikafungwa. Nayataja haya kwa sababu bila hayo mgeni hawezi kuelewa kwa nini karatasi moja ya shule iliweza kuitikisa nchi mwaka 1997.

Karatasi yenyewe ilikuwa ripoti ya mwanafunzi. Siku ya kufunga shule mtoto anaileta nyumbani, mama anaifungua, anatafuta alama za hesabu, anatafuta maneno ya mwalimu. Kwetu ripoti hiyo bibi ataisomewa jioni, na jirani ataisikia. Katika shule za Kihungaria ripoti hizo zilikuwa zikiandikwa kwa lugha mbili. Chini ya serikali ya waziri mkuu Vladimír Mečiar, wizara ambayo leo unaiongoza wewe ikaamuru ziandikwe kwa Kislovakia peke yake. Mtoto amefundishwa kwa Kihungaria, ameulizwa maswali kwa Kihungaria, amejibu kwa Kihungaria, kisha anaambiwa kwamba matokeo ya kazi yake hayawezi kuandikwa kwa Kihungaria. Ukazuka mgogoro mkubwa. Mheshimiwa, mimi ni mwalimu, na naelewa vizuri kwa nini. Ripoti ni barua ya shule kwa mzazi. Ukiiandika kwa makusudi katika lugha isiyo ya nyumba ile, umemwambia mzazi kwamba humwandikii yeye.

Mwaka 1998 vyama vitatu vya Wahungaria viliungana vikawa kimoja, Chama cha Muungano wa Wahungaria, kikapata viti 15 kati ya 150 bungeni na kuingia katika serikali ya waziri mkuu mpya, Mikuláš Dzurinda. Szigeti akapelekwa Wizara ya Elimu kuwa katibu wa dola, cheo ambacho kwetu tungekiita naibu waziri. Mwanzoni mwa 1999 bunge likazirudisha ripoti za lugha mbili kwa sheria.

Alikaa katika kiti hicho hadi 2006. Mawaziri watatu walipita juu yake: Milan Ftáčnik wa mrengo wa kushoto, Peter Ponický kwa muda mfupi, kisha Martin Fronc wa chama cha Wakristo. Watu wanaopenda siasa za majukwaani hawaipi uzito kazi ya naibu. Haipigiwi makofi, na mara nyingi haina hata picha gazetini. Lakini nani anasoma rasimu ya kanuni kabla haijasainiwa? Nani anauliza, "Na zile shule za Kihungaria za mji wa Dunajská Streda zitaifuataje hii?" Waswahili wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa karibu miaka minane wizara ilikuwa na mtu aliyewajua kunguni wa kitanda hicho, naye alikuwa ndani ya chumba wakati maamuzi yanafanywa.

Tunda kubwa la kipindi hicho ni Chuo Kikuu cha Selye János kule Komárno. Wahungaria walikuwa wakikiomba chuo chao tangu zamani. Hoja ya wapinzani ilikuwa kwamba kitawatenga vijana na nchi. Hoja ya waombaji ilikuwa ya kimaisha zaidi: kijana akitaka kuwa mwalimu au mchumi kwa lugha yake anavuka kwenda kusoma Hungaria, na wengi wakishavuka hawarudi. Shule za vijijini zinabaki bila walimu. Baada ya uchaguzi wa 2002 chama kilirudi serikalini na viti 20, na tarehe 23 Oktoba 2003 bunge likapitisha sheria. Chuo kikaanzishwa rasmi Januari 2004 na vitivo vitatu: uchumi, ualimu, na theolojia ya Kanisa la Reformed. Kilipewa jina la mwanasayansi aliyekulia katika mji huo, yule ambaye dunia ilijifunza kwake kuuita msongo wa mwili na akili kwa jina la stresi. Sidai kwamba Szigeti alikijenga peke yake. Chuo hakijengwi na mtu mmoja, na viongozi wa chama chake, walimu na wachungaji walikipigania kwa miaka. Ninachosema ni kwamba ombi lile lilimkuta wizarani mtu ambaye hakuhitaji kuelezwa lina maana gani.

Nimefika Komárno mara kadhaa kwa treni inayotoka Bratislava na kupita Dunajská Streda. Mara ya kwanza nilisimama kwenye korido ya kitivo cha ualimu nikiwasikiliza wasichana wawili wakibishana juu ya somo la kufundisha kusoma darasa la kwanza. Sikuelewa hata neno moja, lakini mikono yao niliielewa: walikuwa wakipanga herufi hewani. Nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo sikuwa na wa kumweleza kwenye treni ya kurudi.

Februari 2006 chama cha Wakristo kilijitoa serikalini kwa sababu ya ugomvi juu ya mkataba na Vatikani, na wizara ikabaki bila waziri. Naibu akapanda. Tangu Slovakia ijitegemee mwaka 1993, Mhungaria hakuwa amewahi kuwa Waziri wa Elimu wa nchi nzima, wa watoto wa Kislovakia, wa Kiroma, wa Kiruthenia na wote. Alikaa miezi mitano isiyotimia. Uchaguzi ulifanyika Juni, na tarehe 4 Julai serikali mpya ya Robert Fico ikamkabidhi wizara Ján Mikolaj wa Chama cha Taifa cha Slovakia.

Hapo ndipo lilipo fundisho la kazi yake, Mheshimiwa, na ndipo ninapopata uchungu. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 2008, ukazuka ugomvi wa vitabu. Katika vitabu vya shule za Kihungaria majina ya miji na mito yalichapishwa kwa Kislovakia katikati ya sentensi za Kihungaria. Mtoto wa darasa la nne anasoma juu ya mto anaouona dirishani, na jina analolitumia mama yake halimo. Ni jambo la ripoti lilelile, limerudi kwa mlango mwingine. Yaliyolindwa kwa miaka minane na mtu aliyekuwa ndani ya chumba yalianza kuchezewa mara tu kiti chake kilipokaliwa na mtu asiyelala kitanda kile.

Niruhusu niseme kwa nini mwalimu wa Kitanzania anaumia kwa haya. Nimefundisha kidato cha kwanza nyumbani. Watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia sekondari na kukuta kila somo kwa Kiingereza. Nilikuwa na kijana aliyeweza kueleza kwa Kiswahili jinsi mmea unavyotengeneza chakula chake hadi darasa zima likaelewa. Kwa Kiingereza alisimama, akatazama sakafu, akakaa. Mwaka ule nilijifunza kwamba ukimya wa mtoto darasani si ujinga. Nilijifunza pia kwamba walioandika sera hawakuwa wamesimama mbele ya kijana yule.

Basi sikuandikii kukuomba uwatenge Wahungaria na Kislovakia. Miaka ya Szigeti haikumaliza kila tatizo, na moja lililobaki ni Kislovakia chenyewe. Mtoto wa kijiji ambako hakuna anayekizungumza anahitaji kufundishwa kama anayejifunza lugha ya pili: asikie, aseme, acheze, kisha asome. Asipofundishwa hivyo anatoka shuleni na sarufi kichwani na kigugumizi mdomoni, na mzazi anayeliona hilo anamhamishia mdogo wake shule ya Kislovakia. Wazazi wengi wa Kihungaria wamefanya uamuzi huo, nami sithubutu kuwalaumu. Sensa ya 2001 ilihesabu Wahungaria 520,528. Ya 2021 ikahesabu 422,065 waliojitaja hivyo kama utaifa wao wa kwanza. Sababu ni nyingi, nayo shule ni mojawapo.

Na sasa hawana hata mbunge wa chama chao. Mwaka 2020 kura zao ziligawanyika, na hakuna chama chao kilichofikia asilimia 5 inayotakiwa ili kuingia bungeni. Mwaka 2023 chama chao kikaishia asilimia 4.38. Kwa hiyo njia aliyoingilia Szigeti wizarani, ya viti bungeni na mapatano ya kuunda serikali, imezibwa kwao mara mbili mfululizo.

Ombi langu ni hili. Usisubiri kura zikulazimishe. Mteue ndani ya wizara mtu aliyetoka katika shule hizo, mwenye cheo cha kusoma rasimu kabla hujaisaini, na mwenye ruhusa ya kukuambia hapana. Mpe kazi ya kwanza ya kutengeneza pamoja na Chuo cha Selye njia ya kufundisha Kislovakia kama lugha ya pili, pamoja na vitabu vyake na mafunzo ya walimu wake. Na inapokuja hesabu ya kufunga shule yenye watoto wachache, agiza ihesabiwe pia kilomita ngapi mtoto atasafiri hadi shule nyingine ya lugha yake, maana shule ya jirani ikiwa ya lugha nyingine, kwa mtoto huyo hapo hakuna shule.

Kama utapenda kwenda Komárno kuwasikiliza walimu kabla ya kuamua, treni ya asubuhi inakufikisha mapema, na mimi nitafurahi kukuongoza kutoka kituoni hadi chuoni kwa miguu.

Ni mimi,
Mwalimu kutoka Tanzania, mkazi wa Bratislava